Tepu za bakap za 1997 mpaka 2003, nitazisoma na kompyuta gani?

mpwa_wa_ramani

Habarini wadau, naomba mnisaidie kabla sijaharibu kitu. Mjomba wangu alikuwa saveya wa kujitegemea, ofisi yake ilikuwa hapo River Road ghorofa ya tatu, alitutoka mwaka jana. Kwa vitu alivyoacha kuna katoni ya viatu imejaa tepu za kompyuta. Nimehesabu ziko 31. 29 ni zile ndogo, kakitu kama kiberiti kikubwa, zimeandikwa DDS na 120m, chache 90m. Mbili ni kubwa, nzito, chini ziko na bati la chuma, zimeandikwa DC6150. Kwa hizi ndogo ameandika na mkono wake Jtatu, Jnne, Jtano, halafu Ijumaa A, Ijumaa B, Ijumaa C, zingine zimeandikwa tu MWEZI na tarehe.

Sababu ya kuzitaka, kuna mama mmoja wa Juja alikuja kwetu na risiti ya 1999, mjomba aliwagawia shamba yeye na ndugu zake, taito hazikuwahi kutoka, na sasa kijana wa ndugu yake anasema bikoni, yale mawe ya mipaka, zilikuwa kwingine. Michoro ya karatasi iliharibika bomba lilipopasuka pale ofisini. Huyo mama alikaa kwa sebule yetu masaa mawili na ile risiti kwa mkono, ameikunja imekunjika mpaka inakatika, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Nimeona kuna mtu anauza draivu ya DAT72 ya USB, anasema inasoma tepu zote ndogo. Laptopu yangu ni Windows 11. Nikinunua nachomeka tu mafaili yanaonekana kama flashi, ama?

fundi_waya

Dada shikilia hio pesa kwanza. Huyo muuzaji labda hakudanganyi kwa makusudi, tepu zote hizo kwa macho zinafanana, lakini ndani si moja. Za mita 90 ni DDS ya kwanza, GB 2. Za mita 120 ni DDS-2, GB 4, ile 8 wameandika kwa kava ni ya kuhesabu mafaili yakishafinywa. Halafu ikaja DDS-3 ya mita 125, GB 12, DDS-4 mita 150, GB 20, ndio ikafuata DAT72 ya GB 36. DAT72 inarudi nyuma mpaka DDS-3 pekee, inaishia hapo. Ukiweka 120m yako itaivuta ndani, izunguke kidogo, iteme. Ama ikatae kuitema, hio ndio mbaya zaidi.

Unachotaka ni draivu ya DDS-4, kwa HP huitwa DAT40, hio inasoma DDS-2 na DDS-3 bila shida. Ama ya DDS-3 yenyewe. Shida ni moja, hizo nyingi ni za SCSI, njia ya zamani ya kuunganisha vifaa na kompyuta, na laptopu yako haina mahali pa kuingiza SCSI hata ukiomba.

Na hapana, haitatokea kama flashi. Tepu haina folda, ni kamba moja ndefu, unasoma kutoka mwanzo kwenda mwisho.

kamba_kavu

Mimi sielewi haya mambo ya kufukua makaburi. Plani za survey si ziko Ruaraka kwa Survey of Kenya, enda pale na namba ya shamba ulipie upewe kopi umalize. Tepu ya miaka 25 hakuna kitu iko ndani, imeshajifuta.

mpwa_wa_ramani

@kamba_kavu nilienda. Iliyo kule ni ya shamba zima kabla haijagawanywa. Ile ya kugawana haikuwahi kupelekwa, walikosa pesa ya kumalizia, ndio maana nasema taito hazikutoka. Ilibaki kwa kompyuta ya mjomba tu.

mzee_wa_seva

Mpwa, pole kwa msiba. Mimi nilikuwa nabadilisha hizo tepu kila jioni kwa ofisi moja Industrial Area kuanzia 1996, kwa hivyo nikiona hizo lebo najua mjomba wako alikuwa mtu wa mpango. Hio ni mzunguko. Jtatu mpaka Alhamisi anachukua yale yaliyobadilika siku hio tu, Ijumaa anachukua kila kitu, na Ijumaa ziko A, B, C ili ya wiki hii isiandikwe juu ya ya wiki jana. Ya MWEZI inawekwa kando haiguswi tena. Kwa hivyo tepu zako 29 hazina uzito mmoja. Za MWEZI ndio dhahabu. Za Jtatu na Jnne zimeandikwa na kufutwa labda mara mia, ndizo zimechoka na ndizo hazina maana sana. Anza na hizo. Draivu usiyoijua usiilishe tepu ya MWEZI, ilishe Jnne, ikiitafuna hujapoteza kitu.

Kabla ya yote, kila tepu ina kijiko kidogo cha plastiki pembeni, kisukume mpaka tundu libaki wazi. Kwa DDS tundu wazi maana yake haiandikiki. Fanya hivyo kwa zote 29 leo usiku, hata kama draivu utapata mwaka ujao. Nasema hivi kwa sababu kuna watu hutafuta XP ya zamani ndio wapate ile ntbackup, programu ya bakap ya Windows, sawa, lakini XP ikiona tepu haiitambui inakuuliza kama iiweke kwa zile za kutumika upya, na mtu akiwa na haraka anabonyeza ndio. Imeandika mwanzo mpya. Na draivu haivuki alama ya mwisho wa data, kwa hivyo hata kama GB 4 za zamani bado ziko pale nyuma, huzifikii tena.

@kamba_kavu tepu haijifuti yenyewe kaka. Inaliwa na unyevu na joto, na Nairobi si Mombasa, hapa zinakaa vizuri tu kama zilikuwa kwa kabati. Nimesoma ya 1995 juzi juzi.

Swali langu kwako mpwa: draivu yenyewe ya mjomba iko wapi? Usicheke. Kichwa cha DDS kinazunguka na kuandika mistari ya mshazari kwa tepu, kama cha video zile za VHS, na kama cha mjomba kilikuwa kimepinda kidogo basi tepu zake zingine zitasomeka na hicho hicho tu. Itafuteni.

mpwa_wa_ramani

Mzee asante sana, na mmenishtua. Nimempigia shangazi usiku huu huu. Kompyuta iko. Imewekwa TV juu yake tangu 2008. Mnara mrefu wa rangi ya maziwa iliyogeuka chai, mbele kuna kamlango kadogo kameandikwa HP na taa mbili. Mtu wa skrapu alikuwa amepita Jumamosi akataka kuichukua na mia tatu, shangazi akakataa kwa sababu TV ingekaa wapi.

Niiwashe?

fundi_waya

USIWASHE!!

Samahani kwa kupiga kelele. Kompyuta imekaa miaka 15 na zaidi bila stima, ndani kuna mende, kuna vumbi, pawa saplai yake ina kapasita zilizokauka. Ukiichomeka ikilipuka inaweza kuondoka na diski yenyewe, na hujui diski bado ina nini, pengine michoro iko hapo hapo na tepu huzihitaji kabisa. Toa diski, toa draivu, hio mnara uirudishie shangazi aweke TV yake.

Diski ya enzi hio itakuwa IDE (njia nyingine ya zamani ya kuunganisha diski) ama SCSI, angalia pini. IDE kuna adapta ya USB, Luthuli ziko tele.

Sasa kompyuta ya kusomea tepu. Unataka deskitopu ya zamani kidogo yenye nafasi za PCI za kawaida, zile nyeupe, Core 2 Duo ya ex-UK inatosha kabisa, watu wanazitupa. Kadi ya SCSI tafuta Adaptec 2940UW ama 29160. Ya 29160 ni ndefu, itaning'inia nje ya soketi, usiogope, inafanya kazi hivyo hivyo. 2940UW ina njia zote mbili, pini 50 na pini 68, na hio ndio inakufaa kwa sababu draivu ya mjomba kama ni DDS-2 itakuwa ya pini 50, na DAT40 utakayonunua ni ya pini 68. Windows wachana nayo. Weka Debian, aina ya Linux, kadi hizo bado inazijua bila kutafutiwa draiva.

Watu wengi wanakwama kwa kebo. SCSI ni kama foleni ya watu wameshikana mikono, kila kifaa kina namba yake, kadi yenyewe ni 7, draivu mpe 4 ama 5, mbili zisifanane. Na mwisho wa kebo lazima kuwe na tamineta, kile kizibo cha kufunga mwisho wa njia. Bila hio mawimbi yanarudi nyuma, kadi inaona draivu leo, kesho haioni, ama inaona draivu saba zote zinaitwa HP. Mimi nilipoteza wikendi nzima nikidhani draivu imekufa, kumbe nimeweka kebo ina kichwa kimoja kinaning'inia mwishoni bila kitu.

Ikikubali, andika `lsscsi` utaona mstari wenye neno tape. Hapo tengeneza chai kwanza, ndio useme umefika nusu.

kamba_kavu

Ok nimenyamaza. Lakini swali, hawezi peleka tu kwa watu wa data recovery wamalize?

fundi_waya

Anaweza. Tatizo tepu 29 ni bei, na mafaili yana namba za vitambulisho na mashamba ya watu, siku hizi kuna ile sheria ya kulinda data ya 2019, mimi singetaka zizunguke. Lakini zile mbili kubwa za DC6150 ndio ningepeleka kwa mtu wa hizo. Ndani ziko na mpira mwembamba unaozungusha gurudumu zote mbili, na mpira wa miaka hio ukikaa unalegea ama unakatika, na gurudumu la raba kwa draivu yenyewe huwa limeyeyuka limekuwa gundi kama ya ubani. Halafu tepu hazijafungwa kwa gurudumu kule mwisho, draivu hutegemea vitundu kwa tepu kujua pa kusimama, vumbi likiziba jicho inapitiliza yote inachomoka. Zifunge kwa mfuko mkavu uzisahau kwa sasa.

mzee_wa_seva

Nimekubaliana na fundi. Naongezea ya kusoma, kwa sababu hapo ndio watu wanakimbilia kufungua mafaili badala ya kunakili kwanza. Kila tepu isome mara moja, yote, kama ilivyo, uiweke kwa diski. Kufikiria ni nini iko ndani utafikiria baadaye na kopi. Laza tepu kwa chumba kimoja na draivu siku nzima kabla, zizoee hewa. Tumia tepu ya kusafishia, ile kavu, mara moja. Halafu:

`mt -f /dev/nst0 status`

Ukiona imeandika 0x24 basi ni DDS-2 na inaisoma. 0x13 ni zile za mita 90. Angalia iko nst0 si st0, hio herufi n ndio inafanya tepu isirudi mwanzo kila ukimaliza amri moja. Halafu:

`mt -f /dev/nst0 setblk 0`
`dd if=/dev/nst0 of=jnne_01.bin bs=256k`

Setblk 0 inaambia draivu ikubali vipande vya ukubwa wowote, kwa sababu hujui mjomba alitumia ngapi. Ikikuambia haina memori ya kutosha usikimbilie kununua RAM, inamaanisha kipande kwa tepu ni kikubwa kuliko hio 256k yako, ongeza tu. dd itasimama ikifika alama ya mwisho wa faili, hio si mwisho wa tepu. Rudia na _02, _03, mpaka ikupe sifuri mara mbili mfululizo.

Andika kwa diski ya ndani, si kwa flashi. Diski ikiwa pole tepu inasimama, inarudi nyuma, inaenda tena, unasikia ile krr krr krr kama mpiga kiwi wa Moi Avenue, na kila akipiga anakwangua tepu yako. Iende mfululizo, DDS-2 ni kama nusu megabaiti kwa sekunde, iliyojaa ni masaa mawili na kitu. Na uwe na UPS, stima ikipotea katikati tepu inabaki imezungushiwa kichwa na kuitoa ni upasuaji.

Ukishapata faili angalia herufi nne za kwanza. Zikiwa TAPE basi ni ntbackup ama Backup Exec, programu nyingine ya bakap, na kuna kaprogramu kanaitwa mtftar kanazigeuza ziwe tar ya kawaida, furushi la mafaili ambalo Linux inafungua. Faili la kwanza litakuwa dogo sana, usidhani ni tupu, ni kichwa tu, mzigo uko kwa la pili. Mimi huyaunganisha yote kwa `cat` kwa mfuatano halafu ndio nakapa.

bikoni_nne

Nimepita tu, mimi ni saveya. Dada ukishapata mafaili ya .dwg, ile michoro ya AutoCAD, fungua na programu ya kusoma maandishi uone herufi za kwanza, AC1009 ni AutoCAD ya R12, AC1014 ni R14, AC1015 ni ya 2000. AutoCAD mpya inazifungua, na kama huna ODA File Converter ni ya bure.

La maana zaidi, usichukue namba za bikoni ukaziweka kwa simu ukaenda nazo Juja kuonyesha watu. Michoro ya wakati huo inaweza kuwa Cassini, tena kwa futi, ama UTM ya Arc 1960, na simu yako inasoma WGS84, hii yote ni mifumo tofauti ya kuhesabu mahali kitu kilipo. Kutoka Arc 1960 mpaka WGS84 hapa kwetu ni kama mita 300. Utampeleka huyo mama kwa shamba la jirani wa tatu na mtapigwa panga. Na faili peke yake si ushahidi, atahitaji saveya mwenye leseni apime upya akilinganisha na huo mchoro. Tafuta pia kama kuna faili za maandishi matupu za .txt ama .dat, mara nyingi ndizo zina vipimo vyenyewe, mchoro ni picha tu.

mpwa_wa_ramani

Wiki tatu baadaye, mnisamehe kunyamaza.

Diski ya ile mnara imekufa, inagonga tak tak tak. Draivu ya mjomba ni C1533A, fundi ulipatia, DDS-2 pini 50. Niliifungua na bisibisi na nikakuta mende mmoja aliyekauka juu ya kile kichwa cha kuzunguka kama amelazwa pale na mtu. Sikuigusa, nimeifunga kwa mfuko.

DAT40 nilipata kwa jamaa anayevunja seva hapo Luthuli, Core 2 Duo ilikuwa kwa kanisa yetu stoo. Siku ya kwanza kadi haikuona kitu. Siku ya pili ikaona. Ya tatu haikuona. Nikakumbuka hadithi ya wikendi yako, nikaangalia, kebo ilikuwa na tamineta lakini nimeiweka upande wa kadi badala ya mwisho 😅

Jnne ikaingia, ikanguruma, nikasimama na mkono kwa kifua. 0x24. dd ya kwanza kidogo tu, ya pili ikaenda karibu dakika arobaini bila ile sauti ya kiwi. Herufi nne: TAPE. Mzee ningekuwa karibu ningekununulia mandazi.

Mpaka leo nimenakili 22. Ijumaa B ilikuwa na folda inaitwa JUJA99 na ndani kuna faili ya .txt, mistari kumi na nne, namba ya bikoni, namba mbili ndefu, na pembeni ameandika "mti wa mugumo" na "kona ya mama". Nimempigia huyo mama nikamsomea. Akaniuliza, ameandika kona ya mama? Nikamwambia ndio. Akanyamaza sana, nikadhani simu imekatika. Anakuja Alhamisi, na @bikoni_nne nimekutumia ujumbe kuhusu kupima.

Swali la mwisho: MWEZI ya Machi 2001 inafika mahali pamoja kila mara inatoa input/output error. Nimejaribu mara mbili. Niendelee?

mzee_wa_seva

Usijaribu ya tatu na hio draivu. Safisha kichwa na ile tepu kavu, halafu hio ya Machi ipeleke mpaka mwisho na kuirudisha mara moja bila kusoma, ilegee na ijipange. Ikigoma tena hapo hapo, basi sasa ndio zamu ya draivu ya mjomba.

fundi_waya

Ilete Kirinyaga Road tumtoe huyo mende. Usitumie pamba za masikio kwa kile kichwa, na usikipanguse kutoka juu kwenda chini hata mara moja. Spiriti ya isopropili ya 99 ninayo.